"Mfumo uko chini": kwa nini tovuti hujaribiwa, ikafaulu, kisha ikaanguka siku ya mwisho

Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapokaribia kufungwa, simu zinazoingia studio hubadilika. Wanaotuma salamu hupungua, wanaouliza huongezeka, na swali lao ni lile lile kutoka Kibara hadi Kiabakari: "Mtangazaji, mfumo uko chini tangu asubuhi. Hivi hawa watu hawakuujaribu kabla ya kuufungua?"

Ni swali linalostahili jibu kamili. Jibu fupi ni kwamba mara nyingi mifumo ya namna hii hujaribiwa, na ripoti huandikwa kwamba imefaulu. Tatizo liko katika namna ya kujaribu. Kuna kitu kidogo kinachokaa ndani ya simu yako, ndani ya kile kivinjari unachofungulia tovuti, ambacho wajaribu wengi hukisahau. Wakikisahau, jaribio linatoa majibu mazuri ambayo si ya kweli. Leo tukifungue kitu hicho, kwa sababu kinagusa maombi ya mkopo, maombi ya ajira, na hata usalama wa taarifa zako pale steshenari.

Kwanza tukumbushane uzito wa jambo lenyewe. Kijana wa Butiama anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, hajazi fomu moja tu. Cheti chake cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA. Namba yake ya mtihani wa kidato cha nne inatumika kumtambua. Ada ya maombi, shilingi 30,000, inalipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Hapo tayari ni mifumo kadhaa inayoulizana maswali kuhusu mtu mmoja. Serikali imekuwa ikisisitiza kwamba mifumo isomane, na ni jambo jema, linapunguza safari za kwenda na kurudi Musoma mjini. Lakini mifumo ikisomana, foleni ya mmoja inakuwa foleni ya wote. Mmoja akikwama, wengine nao wanasubiri.

Na tunajua inakuwaje mfumo mmoja unaotegemewa na wengi unapokwama. Mei 2021 wateja wa TANESCO nchi nzima walishindwa kununua umeme wa LUKU kwa siku kadhaa. Watu walikuwa na fedha kwenye simu, nguzo zilikuwa na umeme, lakini nyumba ziko gizani.

Sasa tuingie kwenye jaribio lenyewe.

Fikiria chama cha msingi cha ushirika hapa Bunda kinachonunua pamba. Viongozi wanataka kujua kama karani wao na mzani mmoja wataweza kuhudumia wakulima 1,000 kwa siku msimu ukifunguliwa. Hawawezi kusubiri msimu wenyewe, kwa hiyo wanakodi vijana 1,000 wajifanye wakulima na kupanga foleni. Wazo ni zuri. Lakini wale vijana wanakuja mikono mitupu, hawana daftari la mkulima. Karani anamwangalia wa kwanza: "Daftari liko wapi?" Hana. "Toka, anayefuata." Wa pili hana. "Toka." Ndani ya nusu saa foleni yote imekwisha. Mzani haujaguswa, leja haijafunguliwa, hakuna hata kilo moja iliyopimwa. Jioni ripoti inaandikwa: watu 1,000 wamepita ndani ya dakika 30, kituo kiko imara.

Msimu unafunguliwa. Wakulima wa kweli wanakuja na madaftari yao na pamba yao, na kufikia saa 5 asubuhi foleni imefika barabarani.

Hivyo ndivyo inavyotokea kwenye tovuti. Daftari la mkulima ndilo lile jambo linalokaa ndani ya kivinjari.

Unapoingia kwenye akaunti yako kwa jina na neno la siri, tovuti haiwezi kukuuliza neno la siri kila unapobonyeza kitu. Badala yake, ukishatambuliwa mara moja, seva inakupa tokeni. Usiichanganye na tokeni ya LUKU, ingawa wazo halipishani sana: ni mfululizo mrefu wa herufi na tarakimu unaosema "huyu nimeshamtambua". Kila ukurasa unaofungua baada ya hapo, simu yako inaionyesha tokeni ile kimya kimya, na seva inakuruhusu kuendelea.

Simu inaweza kuitunza tokeni hiyo kwa njia mbili kuu. Njia ya zamani ni vidakuzi. Kidakuzi ni kikaratasi ambacho kivinjari hukituma chenyewe kila kinapozungumza na tovuti iliyokitoa, bila tovuti kukumbusha. Njia ya pili ni ghala dogo ndani ya kivinjari, ambalo kwa kawaida kila tovuti hutengewa nafasi ya megabaiti kama 5 hivi. Kilichomo ndani ya ghala hakiendi popote chenyewe. Ni mpaka programu ya ukurasa ule, inayofanya kazi ndani ya simu yako, ifungue ghala, itoe tokeni, iibandike kwenye ujumbe na kuituma. Na kilichowekwa humo hakina tarehe ya kuisha. Unaweza kuzima simu leo ukaiwasha mwezi ujao, bado kipo.

Tofauti hiyo ya njia mbili inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayowaangusha wajaribu.

Mjaribu wa mfumo hakodi watu 1,000. Anatumia programu inayotengeneza watumiaji bandia. Inayojulikana zaidi duniani inaitwa JMeter, inatolewa bure na taasisi ya Apache, na yeyote mwenye kompyuta anaweza kuipakua. Inatuma maelfu ya maombi kwenye seva kana kwamba yanatoka kwa watu tofauti, kisha inapima seva imejibu kwa muda gani. Lakini watengenezaji wake wenyewe wanaeleza wazi kwamba JMeter si kivinjari. Haiendeshi programu iliyo ndani ya ukurasa. Vidakuzi inaweza kuvitunza ukiielekeza. Ghala la ndani ya kivinjari haina, kwa sababu hakuna kivinjari.

Kwa hiyo tovuti inayoweka tokeni kwenye ghala ikijaribiwa na mtu asiyelijua hilo, watumiaji bandia wote wanaingia, wanapewa tokeni, kisha wanaiacha mlangoni. Ukurasa wa pili wanaomba bila tokeni. Seva inawajibu haraka sana: "hujatambuliwa." Kukataa ni kazi nyepesi, hakuhitaji kutafuta taarifa za mtu wala kuhifadhi fomu. Muda wa kujibu unaonekana mzuri ajabu. Na kama mjaribu anaangalia kasi tu bila kusoma majibu yenyewe, ataandika kwamba mfumo umefaulu. Hao ni vijana wasio na daftari.

Kuna kosa la pili ambalo kwangu mimi ni baya zaidi, kwa sababu linafanana na kazi iliyofanywa vizuri. Mjaribu anagundua kwamba tokeni inatakiwa. Anaingia yeye mwenyewe kwenye akaunti yake, anaitoa tokeni yake ndani ya kivinjari, anainakili na kuwagawia watumiaji bandia wote 1,000. Sasa kila ombi linakubaliwa. Lakini seva inamwona mtu mmoja anayeomba taarifa zile zile mara 1,000. Taarifa hizo inazitafuta mara moja, inaziweka karibu, kisha inazirudia tu. Ni sawa na mkulima mmoja mwenye gunia moja azunguke kwenye mzani mara 1,000, wakati karani ameshaukariri uzito wake. Siku ya kweli wanakuja watu 1,000 wenye majina 1,000, na seva inalazimika kumfungulia kila mmoja faili lake.

Njia sahihi ipo na si siri. Kila mtumiaji bandia anapewa akaunti yake ya majaribio. Akiingia, programu ya kujaribu inaisoma tokeni kutoka kwenye jibu la seva, inaitunza kwa jina la mtumiaji yule, na kuibandika kwenye kila ombi linalofuata, yaani inafanya kwa mkono kazi ambayo kivinjari kingeifanya. Kisha inakagua maudhui ya jibu: je, fomu imehifadhiwa kweli? Je, jina lililorudi ni la huyu au la mwingine? Baadhi ya wajaribu huongeza vivinjari halisi vichache pembeni, vinavyoendeshwa na kompyuta, ili waone mtu wa kawaida angeona nini wakati mzigo ni mkubwa. Vivinjari halisi hula nguvu nyingi za kompyuta, ndiyo maana huwezi kuwasha 10,000 kwa urahisi. Lakini hata 20 vinatosha kukuonyesha kwamba ukurasa unabaki mweupe.

Tupige hesabu kidogo, tuone mzigo unavyokuwa. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato, TRA, ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na waombaji waliojitokeza kwa njia ya mtandao walikuwa 135,027. Tuseme dirisha ni la wiki mbili na watu wanajigawa sawasawa usiku na mchana. Hapo ni chini ya waombaji 7 kwa dakika. Hata kompyuta ya kawaida ingemudu. Lakini sisi tunajijua. Tuseme theluthi moja, watu 45,000, wanasubiri siku ya mwisho na kubanana ndani ya saa 6. Hapo ni watu 125 kwa dakika. Kila mmoja anafungua kurasa 10, na kila ukurasa una vipande 20 hivi vya kuomba kutoka kwenye seva: picha, maandishi, orodha za mikoa na wilaya. Ni maombi 25,000 kwa dakika, zaidi ya 400 kwa kila sekunde. Hesabu hii ni yangu ya mfano, si takwimu ya TRA. Na hapo bado hatujaweka wale wanaobonyeza kitufe mara tatu kwa hasira.

Katika vipande hivyo 20 ndimo ilimo tena habari ya vitu vinavyotunzwa ndani ya simu. Ukifungua tovuti kwa mara ya pili, picha ya nembo na sehemu kubwa ya programu ya ukurasa vimeshabaki ndani ya kivinjari chako. Seva haivitumi tena, na bando lako linapona. Mjaribu akiwapanga watumiaji bandia wote kama watu waliokwishawahi kufika, mzigo unaonekana mwepesi. Lakini siku dirisha jipya linapofunguliwa, karibu kila mtu ni mgeni, kivinjari chake ni kitupu, anahitaji vipande vyote.

Wala tusidhani ni udhaifu wa nchi zetu pekee. Oktoba 1, 2013 serikali ya Marekani ilifungua tovuti ya HealthCare.gov ili wananchi wajiandikishe bima ya afya. Siku ya kwanza ilitembelewa na watu milioni kadhaa. Waliofanikiwa kukamilisha kujiandikisha siku hiyo, kwa mujibu wa kumbukumbu za vikao vya ndani zilizowekwa hadharani baadaye na kamati ya Bunge lao, walikuwa 6. Si elfu sita, ni watu sita. Vyombo vya habari vya huko viliripoti kwamba majaribio ya siku za mwisho yalikuwa yameshaonyesha mfumo ukielemewa na watumiaji wachache mno, na bado ukafunguliwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini moja inatufaa hapa: mtu alilazimishwa kufungua akaunti kwanza ndipo aone bei za bima. Kila mpita njia aliyetaka kuchungulia tu alitengenezewa akaunti na kutambuliwa, kazi ambayo ndiyo nzito kuliko zote. Mlango mmoja mwembamba ukapitisha nchi nzima.

Linganisha na Baraza la Mitihani, NECTA, siku ya matokeo. Unachagua mtihani, unachagua mwaka, unachagua shule, unaona namba za watahiniwa, daraja na alama za masomo. Hakuna akaunti, hakuna neno la siri, hakuna tokeni. Ukurasa wa shule moja ni ule ule kwa kila anayeufungua, kwa hiyo unaweza kunakiliwa na kuwekwa sehemu nyingi. Siku ya matokeo bado kunaweza kuwa na msongamano, lakini ukurasa mwepesi wa namna hiyo hufunguka hata kwenye simu ndogo yenye alama moja ya mtandao. Mimi napenda kuutumia kama mfano ninapozungumza na vijana wanaosomea mambo ya kompyuta. Si kila huduma inahitaji mtu ajisajili.

Sasa turudi kwetu, kwenye simu tulizonazo.

Wajaribu wengi hukaa mjini wakiwa na mtandao wa kasi. Watumiaji wao bandia wanaomba, wanajibiwa, wanaondoka. Mtu aliyeko Majita au visiwani, ambako mtandao unakuja na kuondoka, anachukua muda mrefu kupokea ukurasa ule ule. Muda wote huo seva imemshikilia mlango. Watumiaji 500 wa mtandao wa taratibu wanaweza kuichosha seva kuliko watumiaji 1,000 wa mtandao wa kasi. Jaribio lisiloiga kasi ya kijijini limepima mji tu.

Halafu kuna suala la Opera Mini. Wengi wetu tunaipenda kwa sababu inaokoa bando, na ni kweli inaokoa. Katika hali yake ya kubana data kwa kiwango cha juu, ukurasa haufunguliwi ndani ya simu yako. Unafunguliwa kwenye seva za kampuni ya Opera, unabanwa, kisha unaletewa kitu kinachokaribia kuwa picha ya ukurasa. Matokeo yake, lile ghala la ndani ya kivinjari halifanyi kazi. Tovuti iliyojengwa kulitegemea inakuingiza, kisha ukurasa unaofuata inakutoa nje, unaingia tena, inakutoa tena. Mtu anadhani amesahau neno la siri. Hajasahau. Kwa maombi yenye akaunti, fungulia Chrome au kivinjari kingine cha kawaida, au zima hali ya kubana data. Bando litaliwa kidogo zaidi, lakini fomu itakwenda.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi: watu wengi wa mtandao mmoja wa simu huonekana kwenye seva kama wametoka anwani moja, kwa sababu kampuni za simu huwapitisha wateja kwa pamoja. Mfumo uliowekewa ulinzi wa kuzuia anwani inayoomba mara nyingi mno unaweza kulifungia eneo zima ukidhani umemkamata mhalifu mmoja. Jaribio linalotoka kwenye kompyuta moja nalo hukutana na ukuta huo huo, na wajaribu huuzima ili kazi iende. Ni sawa kuuzima kwa kazi hiyo, mradi wakumbuke kuujaribu na huo ulinzi wenyewe.

Steshenari na kompyuta ya wote

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya maombi ya mkoa wetu hayajazwi kwenye simu ya mwombaji. Yanajazwa steshenari, kwenye kompyuta moja ambayo kwa siku wanapita watu 30 au 40, kivinjari kimoja, mwenye duka mmoja mwenye haraka.

Kumbuka tulichosema: kilichowekwa kwenye ghala la kivinjari hakiondoki kwa kufunga ukurasa. Mwombaji wa saa 4 akiondoka bila kutoka kwenye akaunti yake, mwombaji wa saa 5 anaweza kufungua tovuti ile ile na kukuta jina la mwenzake juu. Kama tovuti imetengenezwa vibaya, rasimu ya fomu ya wa kwanza, yenye jina la baba, namba ya simu na akaunti ya benki, inaweza kujitokeza kwenye fomu ya wa pili. Na kivinjari kikiulizwa "nitunze neno la siri?" na mwenye duka akabonyeza ndiyo ili kurahisisha kazi, maneno ya siri ya wateja wake yanabaki humo yakijipanga kama leja ya madeni.

Kinga si ngumu. Mwambie mwenye steshenari, kwa heshima, afungue dirisha la faragha la kivinjari kabla ya kuanza fomu yako. Madirisha ya faragha yote yakifungwa, vidakuzi na ghala vinafutika vyenyewe. Ukimaliza, bonyeza neno la kutoka kwenye akaunti, usifunge tu ukurasa. Kataa neno la siri lisitunzwe. Neno hilo liandike kwenye karatasi yako uende nalo nyumbani, maana wapo wanaokuja kutusimulia kwamba neno la siri la mtoto analijua mwenye duka peke yake, na duka limehama.

Upande wa pili, angalia usijifute mwenyewe. Mtu akiona fomu imekwama, ushauri wa mtaani ni "futa data za kivinjari". Kama tovuti ilikuwa inatunza rasimu yako ndani ya simu kwa sababu mtandao ni mbovu, na tovuti nzuri hufanya hivyo, ukifuta unaanza upya. Kabla ya kufuta, jaribu kwanza kutoka na kuingia tena. Piga picha ya skrini ya sehemu uliyofikia na namba ya malipo. Kama ulishalipa, risiti ya ujumbe wa simu usiifute hata ukipata jibu.

Taarifa zetu ndani ya majaribio

Kuna upande wa jambo hili usioonekana kwa mwombaji kabisa. Ili kupata watumiaji bandia 1,000 wenye majina tofauti, mjaribu mvivu ananakili taarifa za watu halisi kutoka kwenye mfumo: majina, tarehe za kuzaliwa, namba za mitihani. Anaziweka kwenye faili la kawaida, analipakia kwenye kompyuta yake ya mkononi, pengine analituma kwa mwenzake kwa barua pepe. Humo humo zinabaki tokeni zilizotolewa wakati wa jaribio, na tokeni ambayo haijaisha muda ni ufunguo kamili, mtu hahitaji neno lako la siri.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Taarifa ulizotoa kwa ajili ya kuomba mkopo hazikutolewa ili zichezewe kwenye majaribio. Majina ya kubuni yanafanya kazi hiyo hiyo. Seva haijali kama mwombaji anaitwa kwa jina la kweli au la kutunga, mradi kila mmoja ana faili lake.

Kwa mifumo ya umma, Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2019, ndiyo yenye jukumu la kusimamia viwango. Maoni yangu ni kwamba taasisi inayofungua dirisha kwa ajili ya maelfu ya vijana ingefaa itangaze mapema mambo machache tu: ilijaribu watumiaji wangapi kwa wakati mmoja, kama kila mmoja alikuwa na akaunti yake, kama jaribio lilifika mpaka fomu kuhifadhiwa au liliishia mlangoni, na kwa kasi gani ya mtandao. Hizo si siri za usalama. Halmashauri zetu nazo, ambazo maombi ya mikopo ya asilimia 10 kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu yanapita mikononi mwao, zinaweza kuuliza maswali hayo hayo kwa niaba ya wananchi. Na Butiama tuna Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, ambapo kijana akifundishwa kazi hii vizuri anaweza kuifanya bila kuhama mkoa, maana programu zenyewe ni za bure.

Je, ni mtandao au ni mfumo?

Si kila kukwama ni kosa la tovuti. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikasumbua Tanzania nzima pamoja na majirani. Siku kama hiyo hata mfumo uliojaribiwa vizuri haufikiki. Ukitaka kutofautisha, fungua tovuti nyingine mbili. Zikikataa zote, ni mtandao wako au wa eneo lako, subiri au badilisha laini. Zikifunguka zote ila ile moja, mfumo umezidiwa, na kubonyeza tena na tena kunaongeza foleni ile ile unayoilalamikia. Ukiingia vizuri halafu ukatolewa nje kila ukurasa wa pili, tatizo ni tokeni: badilisha kivinjari, zima hali ya kubana data, angalia kama tarehe na saa ya simu yako ni sahihi. Hilo la saa watu hulipuuza, lakini simu yenye saa iliyopotoka inaweza kukosana na tovuti hata kabla hujaandika jina.

Muda unaofaa zaidi ni siku za katikati ya dirisha, alfajiri au usiku mwingi. Kama umekwama siku ya mwisho, tunza picha za skrini zinazoonyesha tarehe na saa, kisha andika kwa taasisi husika kupitia namba na barua pepe zilizoko kwenye tovuti yake yenyewe, si zile zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Na kama umekuta taarifa za mtu mwingine kwenye fomu yako, au umepata dalili kwamba zako zimekutwa na mwingine, usiendelee kujaza. Piga picha, toka kwenye akaunti, badilisha neno la siri ukiwa kwenye simu yako mwenyewe, halafu itaarifu taasisi hiyo. Isipokujibu, malalamiko yako yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.